Matundu Manne au Mkato Mmoja

Jumatatu, 9 Septemba 2024

Mvua ya kwanza imeshuka leo alfajiri bila radi wala upepo. Tulipotoka na majembe, ukungu ulikuwa bado umelalia ziwa Nakivale. Viboko hatukuwaona, tulisikia pumzi zao tu. Yaya alitangulia na kikapu cha mbegu, nami nikakanyaga alama za miguu yake kwenye udongo laini.

Kwetu Uvira dada mkubwa huitwa yaya. Jina lake ni Annonciata, lakini sijawahi kulitamka mbele yake. Hata siku tuliyoandikishwa ukimbizi pale Kabazana, karani aliponiuliza nimekuja na nani nilijibu, "Na Yaya," naye akaliandika hivyo hivyo, ikabidi karatasi ichanwe.

Tulipofika mstari wa nne wa maharage aliegemea jembe.

"Mudogo yangu," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa habari za jirani, "niko nakojoa damu."

"Tangu lini?"

"Tangu mahindi yakomae."

Hiyo ni miezi mitatu. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Haiumi. Njo maana nilinyamaza."

Akainama, akaendelea kupanda. Mimi nilisahau nimeweka mbegu ngapi shimoni. Mstari wangu utaota ovyo.

Jumanne, 10 Septemba

Mvua mchana kutwa. Yaya amekataa kwenda kituo cha afya. Anasema maharage kwanza.

Ijumaa, 13 Septemba

Amekubali. Mimi ndiye mkalimani wa kituo, kwa hiyo kila mtu ananijua, na muuguzi hakutuweka foleni. Walitupa barua ya hospitali ya Isingiro, kwenye mashine ya mawimbi inayopiga picha ya tumbo.

Chumba kilikuwa na giza la kupendeza. Mpiga picha alimpaka Yaya mafuta baridi ubavuni, na kwenye kioo pakatokea kitu kinachofanana na ziwa letu asubuhi, kijivu juu ya kijivu, kikipumua. Niliangalia nikasahau kwamba hilo ni tumbo la dada yangu. Halafu yule kijana akasimamisha mkono mahali pamoja. Akapima. Akapima tena. Akageuza kioo upande wake.

Kazini nimefundishwa sheria moja: usiongeze, usipunguze. Lakini kijana hakusema kitu, na mimi nikakosa cha kutafsiri.

Jumapili, 22 Septemba

Nimeota nyumba yetu imejaa maji hadi dirishani, maji safi ya vuguvugu. Yaya amekaa kitandani anachambua maharage chini ya maji, na kila punje anayoitupa inapanda juu polepole kama povu. Sikuogopa. Nilipoamka niliona haya kwamba sikuogopa.

Jumatano, 25 Septemba

Mbarara, hospitali kubwa, kwa picha ya siti skani. Walimwambia ashike pumzi, nami nikaishika nje ya mlango bila kuambiwa.

Jumatano, 2 Oktoba

Niandike yote ya leo, kwa sababu kuna jambo nimefanya.

Daktari wa upasuaji ni mwanamke, Dakta Katusiime, mrefu, sauti yake ya chini. Alizungumza Kiingereza nami nikawa namwekea Yaya kwa Kiswahili. Uvimbe uko kwenye figo ya kushoto, sentimita sita. Alisema neno saratani nami nikalisema, sikulipunguza. Haujatoka nje ya figo. Figo ya kulia ni nzima, na mtu huishi na moja.

"Nia ni moja," akasema, "kuitoa figo hiyo yote pamoja na uvimbe wake. Lakini njia ni mbili."

Akageuza fomu na kuchora nyuma yake mwili wa mwanamke usio na kichwa.

Njia ya kwanza ni mkato mmoja chini ya mbavu, shibiri moja na zaidi. Mikono yake inaingia, macho yake yanaona, na mshipa mkubwa wa damu anaushika mwenyewe. Lakini misuli hukatwa, nayo haiponi upesi. Wiki nzima wodini. Miezi mitatu bila jembe wala dumu la maji.

Njia ya pili ni matundu manne, kila moja kama ukucha wa kidole gumba. Tumbo hujazwa hewa likainuka kama hema. Kamera huingia kwa tundu moja, vifaa vyembamba kwa mengine, na daktari huangalia runinga badala ya kuangalia tumbo. Figo hutiwa ndani ya kifuko na kuvutwa nje kwa mkato mdogo wa chini. Maumivu ni machache. Baada ya siku tatu mtu yuko nyumbani, na baada ya mwezi hivi mtu huanza kazi zake taratibu.

Yaya alisikiliza, akiangalia ule mchoro usio na kichwa.

"Umuulize: na kansa yenyewe? Ipi inaitoa muzuri?"

"Kwa ugonjwa zinalingana," daktari akajibu. "Tofauti iko kwa mwili unaobaki."

Kisha akasema hivi. Kwa njia ya matundu itabidi kusubiri hadi mwisho wa Novemba, mwalimu wake atakapokuja na vifaa. Uvimbe huu hauendi mbio, ila haujasimama. Na kuna jambo ambalo mgonjwa lazima alijue: ana kovu la zamani chini ya kitovu. Kovu kama hilo huweza kushikanisha utumbo ndani. "Nikishindwa kupita, au damu ikitoka, sitasubiri aamke nimuulize. Nitafungua palepale, mkato mkubwa. Kwake uwezekano huo si mdogo."

Kovu hilo nalijua. Mwaka 2002, vita vilipotupandisha milimani, Yaya aliingia zahanati moja na mtoto tumboni, akaamka ana mshono na hana mtoto. Walikuwa wameshamzika. Leo asubuhi ukumbini, kabla hatujaitwa, aliniambia: "Kama banataka kunifungua tena, narudi kulima. Nife na maharage yangu." Yaya hasemi kitu asichokifanya.

Basi nikamgeukia nikasema: "Anasema kwa matundu tutasubiri mpaka Novemba."

Daktari alinitazama. Maneno yake yalikuwa mengi, yangu yalikuwa machache.

"Ni hayo tu?" akauliza kwa Kiingereza.

"Ni hayo tu."

Yaya akatabasamu, mara ya kwanza tangu mvua zianze. "Matundu," akasema. "Umwambie nimekubali matundu."

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua. Nimetafsiri kazini watu kumi na wawili. Neno kwa neno, wote.

Jumapili, 13 Oktoba

Maharage yamechanua maua meupe. Baada ya misa Yaya alipita kati ya mistari akigusa majani kwa ncha za vidole, na korongo wawili wenye mataji walitembea upande wa pili wa shamba kwa mwendo ule ule wake. Jua lilikuwa linachuja katika mawingu na kila kitu kilionekana kimo ndani ya maziwa.

Anapanga mambo. Desemba atakuwa amepona, Januari tutapanda viazi. Amemwambia mume wangu Régis amtafutie mbegu. "Matundu manne si kitu," anamwambia kila anayekuja. "Hata sindano za chanjo zinazidi."

Régis aliniuliza mbona siongei. Nikasema nimechoka. Namtazama Yaya akiwa na furaha niliyomtengenezea mwenyewe, naye ameivaa bila kujua mshono wake uko wapi. Kisha najiambia: angekuwa ameshakataa. Angekuwa analima huku damu inamtoka. Najiambia hivyo mchana kutwa, na jioni naanza upya.

Jumatano, 23 Oktoba

Leo ilikuwa siku ya kusaini.

Niliketi mahali pangu, kati yao. Dakta Katusiime aliisukuma fomu mezani, akataka kumpa Yaya kalamu, halafu akabaki nayo. Akamwangalia Yaya moja kwa moja na kuanza kusema Kiswahili. Sikujua anakijua. Ni kile cha kambi za jeshi, baadaye alisema baba yake alikuwa askari.

"Mama, mimi nataka kusikia kwa mdomo yako. Kama nakuta hii makovu ya zamani imeshika matumbo, mimi nafungua kubwa. Wewe iko kwa usingizi, mimi siwezi kuuliza. Wewe nakubali hiyo?"

Yaya alinigeukia polepole.

"Anasema nini?"

"Anasema kwamba..."

"Yeye nimemusikia. Niko nauliza weye. Alisema hivi ile siku ingine?"

"Alisema."

"Na weye ulisema nini?"

"Nilisema tutasubiri Novemba."

Daktari aliweka kalamu chini. Nilitamani agombe. Alisema tu, kwa Kiingereza na kwa upole ulionichoma zaidi, kwamba leo hakuna kusaini, kwamba mlango uko wazi, na kwamba katika mkutano ujao atatafuta mkalimani ambaye si ndugu.

Tulitembea hadi penye kivuli karibu na lango la hospitali. Mvua ya rasharasha ilikuwa inanyesha huku jua likiwaka, barabara yote inang'aa, watu wanapita kama wako upande wa pili wa kioo. Yaya alisimama.

"Ule mwaka kule milimani," akasema, "muganga alitoka akauliza, nani ndugu ya huyu mwanamuke? Weye ulikuwa na miaka kumi na tatu. Ulisema, ni miye. Akauliza, tumufungue? Ukasema ndiyo."

Sijawahi kumwambia mtu yeyote jambo hilo. Nimelibeba miaka ishirini na miwili, na hata katika daftari hili nililipita pembeni.

"Nani alikuambia?"

"Ni Mama, mbele ya kufa kwake. Sikukukasirikia. Ulikuwa mutoto, na kama usingesema ndiyo na miye ningelikufa." Akafuta maji usoni. "Lakini leo hauko mutoto. Na umesema tena ndiyo kwa fasi yangu."



Alhamisi, 24 Oktoba

Hakuja shambani. Mlango wake umefungwa, moshi unatoka jikoni. Nimeacha ndizi kizingitini.

Ijumaa, 25 Oktoba

Ndizi ziko palepale. Mvua kubwa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Ndizi hazipo. Huenda ni mbuzi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Nilikuwa naosha masufuria nje nilipoona miguu yake. Amekuja na kigoda chake mwenyewe. Akakaa.

"Nimewaza siku tano," akasema. "Miaka yote nilifikiri naogopa kisu. Siko naogopa kisu. Kilichonitesa ni kulala, kisha kuamuka nikute bantu bamemaliza shauri langu, mutoto amezikwa, na kila mutu anajua kuliko miye."

Nikaweka sufuria chini.

"Sasa nimechagua. Nataka ule mukato mukubwa."

Nilidhani sijasikia. Mimi niliyesema uongo ili asiogope mkato huo, nikaanza kumbembeleza auache. Nilimwambia matundu hayaumizi hivyo, atarudi shambani mapema, labda makovu ya ndani si mabaya.

"Labda," akasema. "Ndani ya matundu yangu kuna labda. Kwa mutu ingine hakuna, amushukuru Mungu, atobolewe. Miye nataka kulala nikijua nitaamuka na nini. Na sitangoja mwisho wa Novemba." Akavuta kigoda karibu. "Sasa niambie ubaya wake. Yote. Usinichagulie."

Nikamwambia. Kwamba ataumia kila akikohoa. Kwamba ngozi ya ubavu inaweza kufa ganzi isirudi. Kwamba mshono unaweza kuingia usaha, kwamba baadaye ukuta wa tumbo unaweza kulegea ukatoa uvimbe kama ngiri. Kwamba anaweza kupoteza damu akahitaji kuongezwa ya wengine. Kwamba watu wachache huwa hawaamki.

"Kumbe unajua kusema," akasema.

Nilimdhania mtu wa kulindwa kama yai. Leo amekaa kwenye kigoda chake, mvua inamdondokea kidogo begani kutoka ukingo wa bati, naye hata hasogei.

Ndizi alizila yeye. Nilimuuliza.

Jumanne, 5 Novemba

Fomu aliisaini wiki iliyopita, mbele ya mkalimani ambaye si ndugu. Leo saa mbili asubuhi walimweka kwenye kitanda cha magurudumu. Muuguzi mwenye karatasi alimuuliza jina na kinachofanyika leo. Huwauliza wote. Yaya akainua kichwa.

"Naitwa Annonciata. Banatoa figo ya kushoto, kwa mukato mukubwa. Nimekubali miye mwenyewe."

Alisema kwa nguvu hadi watu ukumbini wakageuka. Muuguzi akaandika. Kisha milango ikafunguka, ikafungika.

Muda ulikaa vibaya baada ya hapo. Niliketi kwenye benchi chini ya dirisha. Juu ya ua wa hospitali makorongo makubwa ya jalalani yalikuwa yanazunguka bila kupiga mabawa, yakipanda na kupanda hadi yakawa vumbi. Nikafikiri kwamba Yaya yuko mahali kama hapo sasa, juu, hana uzito, na chini yake kuna mwanamke anayeshughulika kwa mikono miwili. Nikajaribu kusali nikajikuta nahesabu mistari ya maharage.

Saa sita na nusu Dakta Katusiime alitoka, kofia mkononi, alama ya barakoa usoni. Imetoka yote. Hakuongezewa damu.

"Na makovu ya ndani?" nikauliza.

"Utumbo umeshikana mahali pawili." Akaikunja kofia. "Usiniulize kama ningepita kwa matundu. Labda ningepita. Labda la. Alichochagua kimefaa."

Ijumaa, 8 Novemba

Maumivu. Akitaka kukohoa anakumbatia mto ubavuni na macho yanamtoka. Leo wamemsimamisha, hatua sita hadi dirishani, hatua sita kurudi, na jasho kama aliyetoka kuchota maji. Nilimuuliza kama anajuta.

"Sijuti," akasema. "Lakini usinifanye nisifie. Inauma vibaya."

Jumanne, 12 Novemba

Nyumbani. Régis aliweka magodoro mawili nyuma ya gari la kukodi na kumwomba dereva akwepe kila shimo. Yaya alilala njia nzima akiangalia migomba ya Isingiro ikipita kichwa chini.

Jumatatu, 25 Novemba

Tumeanza kung'oa maharage. Yaya amekaa pembeni kwenye kigoda, haruhusiwi kubeba hata kikapu, na anatukosoa. Mstari wangu wa nne, ule nilioupanda vibaya, umezaa kama mingine.

Jumatano, 4 Desemba

Kliniki ya marudio. Kwenye benchi la ukumbini tulimkuta mzee Venuste, Mrundi wa upande wa pili wa makazi yetu, ambaye naye alikuwa na uvimbe wa figo. Mwalimu wa Dakta Katusiime alifika kama alivyoahidi, na Venuste alifanyiwa kwa matundu Jumatano iliyopita. Wiki moja tu. Alikuwa amesimama, anatembea huku na huku, fimbo ameiweka kwapani kama mwavuli.

"Mama, wewe walikufanyia lini?" akamuuliza Yaya.

"Mwezi mumoja."

"Na bado unashika ubavu?"

Bila haya mzee akainua shati. Plasta ndogo, moja, mbili, tatu, nne, na moja ndefu kidogo chini. Yaya aliinamisha kichwa akazikagua. Niliona wivu ukipita usoni mwake, wivu wa kweli, kisha ukapita wote.

"Weye hukuwa na kovu la zamani," akamwambia.

"Sijawahi kukatwa hata kidole."

"Basi walikuchagulia vizuri."

"Nilichagua mwenyewe," mzee akasema, ameudhika kidogo. Yaya akacheka, akashika mshono kwa mikono yote miwili, akacheka tena huku inamuuma, hadi mzee naye akacheka bila kujua sababu.

Tukaitwa. Mkalimani mwingine hakupatikana leo, kwa hiyo nilivuta kiti changu kukiweka kati yao kama zamani. Yaya akaniwekea mkono gotini.

"Acha. Anisemeshe miye."

Dakta Katusiime alifungua bahasha ya maabara. Alisema taratibu, kwa Kiswahili chake cha kambini. Ile kitu ilikuwa kansa kweli. Ilikuwa ndani ya figo peke yake, kingo zote safi, hakuna iliyobaki. Lakini hii ugonjwa nakuwa na akili, inaweza kurudi, kwa hivyo kila miezi sita picha, na damu kupimwa, na dawa za maumivu za madukani asinunue ovyo, kwa sababu figo sasa iko moja.

Yaya aliuliza kwa Kiswahili cha Uvira. Ikirudi, inarudi fasi gani? Chumvi je? Viazi apande lini? Mahali walipokosa neno daktari alichukua kalamu na kuchora, safari hii mwanamke mwenye kichwa, na Yaya akachukua kalamu ile ile akachora juu yake kitu alichotaka kuuliza. Nilijua neno walilokuwa wanalitafuta. Sikulisema. Wakalifikia wenyewe baada ya muda, kwa njia ndefu.

Kiti kilikuwa na mto. Nje mvua ilikuwa imeanza tena, ya mwisho mwisho, na sauti zao mbili zilikuwa zinaenda na kurudi juu ya kichwa changu kama nilipokuwa mdogo na wakubwa wanazungumza. Sikuwa na la kubeba kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Nilishtuka naguswa bega. Fomu za picha na vipimo zilikuwa zimesainiwa, Dakta Katusiime amesimama mlangoni anatabasamu, na Yaya ameshavaa koti, karatasi ya tarehe zake ameikunja mfukoni.

"Mudogo yangu," akasema, "amuka. Umelala muzuri. Twende, nitakuambia yote njiani."